Someni mwaka wa kuchapwa: stempu za vita vya Wamarekani

Hotuba hii niliitoa Mjini Unguja mbele ya wakusanya stempu, walimu na wanafunzi. Wengi waliokosa kufika waliniomba niiandike. Nimeiacha kama nilivyoisema, isipokuwa picha za ukutani, ambazo nimezieleza kwa maneno.

Assalaam alaykum.

Wazee wangu shikamooni. Walimu, mama zangu, na nyinyi vijana mliokaa chini kwa sababu viti vimekwisha, karibuni sana.

Kila nikifungua albamu hii mbele za watu, nakutana na swali lilelile. We mtu wa Unguja, vita vya Wamarekani vinakuhusu nini? Swali la haki kabisa, na jibu lake lilikuwa mwilini mwa mabibi zetu. Nani hapa hajasikia merikani? Kabla ya vita vile, meli za wafanyabiashara wa Salem, Massachusetts, zilikuwa zikitia nanga hapa mbele ya Forodhani na marobota ya merikani. Walivaa watu wa pwani, ikapanda bara na misafara, ikanunua pembe na chakula njiani kama fedha. Kitambaa kilifumwa kwenye viwanda vya Kaskazini ya Marekani, lakini pamba ililimwa Kusini, na waliokuwa wakiichuma ni watumwa. Vita vilipozuka mwaka 1861, pamba ikakatika, viwanda vikakosa mali, na soko la hapa likachukuliwa na nguo za Uingereza na Bombay. Basi nauliza mimi sasa: vita hivyo havituhusu?

Haya, twende kwenye stempu.

Kwa faida ya vijana: vita vilianza tarehe 12 Aprili 1861, mizinga ya Kusini ilipoipiga ngome ya Fort Sumter katika bandari ya Charleston, South Carolina. Jeshi kubwa la Kusini likaweka silaha chini tarehe 9 Aprili 1865 huko Appomattox, Virginia. Watu zaidi ya 600,000 walikufa. Majimbo ya Kusini yalitaka kujitenga yabaki na watumwa wao, na Kaskazini ikakataa nchi isivunjike. Mtaambiwa sababu nyingine nyingi, na zipo, lakini ukizichimba zote unakuta utumwa umekaa chini yake.

Mkusanyaji akianza, kitu cha kwanza anachofanya ni kupanga stempu kwa mfuatano wa vita. Fort Sumter ukurasa wa kwanza, Shiloh wa pili, Gettysburg wa tatu, mpaka Appomattox. Inapendeza macho, sikatai. Ila mimi nawaambia wafuasi wangu wachache: pangeni kwa mwaka wa kuchapwa. Kwa nini? Kwa sababu stempu ya kumbukumbu haichapwi na waliokufa vitani. Inachapwa na serikali iliyo hai, kwa ajili ya watu walio hai, wenye kura, wenye hasira zao na aibu zao. Vita ni vilevile. Kinachobadilika ni nani anaruhusiwa kuonekana ndani yake. Someni mwaka wa kuchapwa!

Nianze na mwaka 1961, maana hapo pana kisa.

Vita vilipotimiza miaka 100, posta ya Marekani ilitoa stempu 5, moja kila mwaka. Fort Sumter 1961, Shiloh 1962, Gettysburg 1963, msitu wa Wilderness 1964, Appomattox 1965. Mbili za mwanzo senti 4, tatu za mwisho senti 5, maana nauli ya barua ilipanda katikati. Ya kwanza ni ya kijani, ina mzinga mkubwa wa pwani. Ya pili, askari anapiga bunduki, wino mweusi kwenye karatasi ya rangi kama ya ua la pichi. Mwalimu aliyekaa pale mbele ameishika muda huu kwa kibano, atakuambieni kwamba karatasi yenyewe ndiyo yenye rangi. Ya Gettysburg ina askari wawili wamekabana wakipigana, mmoja wa buluu, yaani Kaskazini, mmoja wa kijivu, yaani Kusini, na mchoro wake ulipatikana kwa mashindano.

Sasa sikilizeni. Stempu ya Fort Sumter ilianza kuuzwa Charleston kwenyewe, tarehe 12 Aprili 1961. Siku zilezile tume ya taifa ya kuadhimisha miaka 100 ilikuwa na mkutano wake mjini hapo. Mwenyekiti alikuwa Ulysses S. Grant wa tatu, mjukuu wa yule Jenerali Grant aliyeishinda Kusini. Wajumbe wakaja kutoka majimbo mbalimbali. Jimbo la New Jersey likamleta Madaline Williams, mama mheshimiwa, mwanamke mweusi wa kwanza kuchaguliwa katika baraza la kutunga sheria la jimbo lake. Hoteli ya mkutano ikamkatalia chumba. Kosa lake? Rangi.

Fikirini wenzangu. Watu wamekusanyika kukumbuka vita vilivyowatoa watumwa kwenye minyororo, na mjukuu wa watumwa hao hana pa kulaza kichwa! New Jersey ikasema haiendi. Rais Kennedy mwenyewe akaingilia kati, na mwishowe mkutano ukahamishiwa kwenye kambi ya jeshi la majini nje ya mji, mahali palipokuwa chini ya serikali kuu. Baadhi ya wajumbe wa Kusini wakafanya kikao chao palepale hotelini. Na mjini, posta inagonga muhuri wa siku ya kwanza kwenye bahasha za stempu ya kijani.

Ninayo bahasha moja ya siku hiyo. Muhuri ni wa duara, safi kabisa, umesomeka "Charleston" na tarehe. Hakuna kitu juu yake kinachosema habari ya mama yule. Ndiyo maana nimeandika kwa penseli, kwenye ukurasa wa albamu, si kwenye bahasha, nani alikataliwa chumba wiki ile. Penseli, wanangu. Wino hauna toba.

Na katika stempu zote 5 za miaka ile, hamna mtu mweusi hata mmoja. Hata mmoja! Askari, mizinga, moshi, na mwisho askari wa Appomattox. Vita vimegeuzwa ugomvi wa ndugu wawili wa Kizungu waliopatana baadaye.

Hilo halikuanza 1961. Mwaka 1936 na 1937 posta ilitoa mfululizo wa kuyaheshimu majeshi, na Rais Roosevelt, ambaye alikuwa mkusanya stempu wa kweli, alikuwa akiingiza mkono katika michoro. Kwenye stempu ya senti 3 wakawekwa majenerali wa Kaskazini: Sherman, Grant na Sheridan. Watu wa Kusini wakaja juu. Sherman? Yule aliyepita Georgia akichoma? Alikuwa amekufa tangu 1891, lakini Kusini walikuwa hawajamsamehe. Nao walikuwa na stempu yao ya senti 4 katika mfululizo huo, yenye majenerali wao Robert E. Lee na Stonewall Jackson. Mnadhani waliridhika? Wakaitazama kwa kioo cha kukuzia, wakahesabu nyota kwenye kola ya Lee. Mbili! Na Lee alivaa tatu! Wakalalamika upya kwamba mzee wao kashushwa cheo. Mimi huwacheka, kisha hujiuliza ningefanya nini kama angechorwa mzee wa kwetu kilemba kimekaa vibaya.

Halafu njooni 1949. Wazee wa jeshi la Kaskazini walifanya mkutano wao wa mwisho Indianapolis, walikuwa wamebaki wa kuhesabika kwa vidole. Posta ikatoa stempu ya senti 3, nyekundu: mbele mzee mwenye ndevu, nyuma yake kijana askari, yaani yeye mwenyewe zamani. Mwaka 1951 wazee wa Kusini nao wakakutana mara ya mwisho, Norfolk. Posta ikafanya nini? Ikachukua mchoro karibu uleule, ikabadilisha herufi na sare, ikachapa kwa rangi ya kijivu. Nimeziweka mbili hizi ubavu kwa ubavu, ukurasa peke yake. Pitieni baadaye mtazame. Serikali haikutaka kumuudhi mtu. Aliyepigania umoja na aliyepigania kujitenga wamepewa mzee mmoja, ndevu zilezile. Mtu mmoja akaniambia huo ni upatanisho. Mimi naona ni uvivu uliopakwa heshima, lakini tusigombane.

Sasa tuulize lililo kubwa. Watumwa wako wapi?

Mwaka 1940 posta ilitoa stempu ya senti 3 kuadhimisha miaka 75 ya Badiliko la 13 la Katiba, lile lililofuta utumwa. Picha yake ni ya sanamu iliyoko Washington: Lincoln, rais wa wakati wa vita, amesimama, ameunyoosha mkono, na chini yake mtu mweusi amepiga goti, mnyororo umekatika. Sanamu hiyo ilifunguliwa mwaka 1876, na ina habari inayouma. Fedha zake zilichangwa na watu waliotoka utumwani. Wa kwanza kutoa alikuwa mwanamke aitwaye Charlotte Scott, akatoa dola 5 aliposikia Lincoln ameuawa. Waliochanga hawakuulizwa mchoro uwe vipi. Frederick Douglass, aliyezaliwa mtumwa akawa msemaji mkubwa kuliko wote wa watu wake, ndiye aliyehutubia siku ya ufunguzi. Siku chache baadaye akaandika gazetini kwamba alitamani, kabla hajafa, aone sanamu ya mtu mweusi aliyesimama kwa miguu yake. Hayo yalisemwa 1876. Na mwaka 1940 posta bado ilimchagua yule aliyepiga goti.

Geuzeni ukurasa: 1963. Mwaka uleule wa stempu ya Gettysburg, askari wawili wa Kizungu wameshikana. Tarehe 16 Agosti, Chicago, ikatoka stempu nyingine ya senti 5, ya miaka 100 ya Tangazo la Ukombozi, lile la Lincoln la kuwaacha huru watumwa wa Kusini. Ni mnyororo mweusi mnene kwenye rangi ya buluu, na pete moja imekatika. Basi. Hakuna Lincoln, hakuna goti, hakuna mkono wa baraka. Mchoraji wake ni Georg Olden, mjukuu wa mtumwa, na ndiye mtu mweusi wa kwanza kuchora stempu ya Marekani. Siku 12 baadaye watu robo milioni walikusanyika Washington kudai haki. Mkipanga albamu kwa mfuatano wa vita, stempu hii mtaiweka wapi? Haina uwanja wa vita, itatupwa mwisho pamoja na "mengineyo". Mkipanga kwa mwaka wa kuchapwa, inakaa uso kwa uso na ile ya Gettysburg, zinatazamana. Ndivyo zilivyokaa kwenye dirisha la posta, mtu akinunua hii na hii kwa bei moja.

Mwaka 1978 akaja Harriet Tubman, senti 13, mwanamke mweusi wa kwanza kwenye stempu ya nchi ile. Wengi wanamjua kwa kuwatorosha watumwa usiku. Wachache wanajua kwamba Juni 1863 aliongoza mashua za jeshi la Kaskazini kupanda mto Combahee, South Carolina, wakarudi na watu zaidi ya 700 waliokombolewa. Vita vyenyewe hivyo! Wenye albamu za vita wangapi wanaye? Niliowaona mimi, wachache.

Mwaka 1995 nitaupita haraka. Karatasi moja ya stempu 20, senti 32 kila moja, na wote wamo: Lincoln na Jefferson Davis, rais wa Kusini, Grant na Lee, Douglass, Tubman, wauguzi wa pande zote mbili, hata Stand Watie, jenerali wa Kicherokee, wenyeji wa asili wa Marekani, aliyepigania Kusini na kuwa wa mwisho kati ya majenerali wake kuweka silaha chini. Nyuma ya kila stempu, upande wa gundi, pana maelezo mafupi. Ukiibandika kwenye barua, umeyazika maelezo. Inunueni karatasi nzima, msiikate.

Ninayotaka muione kwa macho yenu ni ya 2014. Kati ya 2011 na 2015 posta ilitoa stempu 2 kila mwaka kwa ajili ya miaka 150. Hazina bei iliyoandikwa, zinalipia barua hata nauli ikipanda. Ya Petersburg inatokana na picha aliyoichora Mfaransa André Castaigne mwaka 1892. Wanaovamia boma ni askari weusi, kikosi cha 22, Juni 1864. Wameshika bunduki zao, wanapanda juu ya ngome iliyotekwa. Wanaume weusi wapatao 180,000 walivaa sare ya Kaskazini katika vita vile, na picha hii ilikuwepo tangu 1892. Mwaka 1964 posta ilipotaka picha ya vita vya 1864, picha ipo, haikuchaguliwa. Imesubiri miaka mingine 50.

Kuna atakayesema, we bwana, ni kipande cha karatasi cha kubandika kwa mate. Wazee wa hapa hawasemi hivyo. Nani alikuwepo Januari 1964? Si tuliona stempu za Sultani zikigongwa JAMHURI, mwanzo kwa muhuri wa mkono, nyingine zimekwenda upande? Serikali mpya inaanza na bendera, na stempu. Na Wamarekani walifanya jambo la namna hiyo mwaka 1861. Posta za Kusini zilikuwa zimejaa stempu za serikali ya Washington, nayo ikaogopa zitageuzwa fedha za vita. Ikachapa michoro mipya, ikazifuta za zamani, wananchi wakapewa siku chache tu za kubadilisha. Kusini nako, mkuu wa posta wao John Reagan hakuwa na stempu mpaka Oktoba. Wakuu wa posta mijini wakajichapia za kwao. Ilipotoka ya kwanza ya serikali ilikuwa ya Jefferson Davis, senti 5, ya kijani, uchapaji usio laini. Nzuri zaidi waliziagiza De La Rue ya London, kampuni hiyohiyo iliyokuja kuchapa stempu za Sayyid Hamad bin Thuwaini hapa kwetu mwaka 1896.

Karatasi ilipoadimika Kusini watu walibandua iliyopamba kuta za nyumba, wakakunja bahasha. Nje jina na anwani, ndani maua ya ukuta wa sebule. Bahasha za namna hiyo ni ghali, mimi sina, nimezitazama nyuma ya kioo.

Vijana, kwenu nina machache ya kazi. Stempu za 1961 hadi 1965 ni rahisi, kwa pesa ya chai na maandazi unazipata, kwa sababu ile ya Fort Sumter peke yake ilichapwa zaidi ya nakala milioni 100. Mtu akikuambieni ni nadra, mrudishieni. Za Kusini za wakati wa vita zimeigizwa sana, tena nyingine ziliigizwa kama ukumbusho halali kisha watu wakaziuza kama za kweli. Msinunue bila mtu anayejua kutazama. Na hewa yetu ya pwani, jamani! Masika ikiingia, gundi inalainika, stempu zinashikana kurasa kwa kurasa. Zisimamisheni wima, msizilaze chali, msizibane, na msithubutu kugusa selotepu. Kibano, kila mara kibano. Jasho la kidole halionekani leo, linaonekana baada ya miaka 10.

Mkianza, anzeni na stempu 3 tu: Gettysburg ya 1963, mnyororo wa Olden wa 1963, na Petersburg ya 2014. Ziwekeni ukurasa mmoja, chini yake mwandike mwaka wa kuchapwa kwa herufi kubwa kuliko jina la vita.

Albamu zitakuwa mezani upande ule. Kibano kiko kimoja, kwa hiyo fuateni foleni. Wewe binti wa mstari wa tatu, umenyoosha mkono tangu nilipomtaja Tubman. Haya, uliza.